Nilikariri, Nikapigwa

Nilipigwa kwa hatua saba, hapa hapa Madale, kwenye mashindano ya mtaani. Aliyenipiga ni dogo aliyekuwa na miezi michache tu kwenye sataranji. Kabla ya hapo alicheza drafti kijiweni.

Nilifungua Kihispania, mwanzo aliouandikia padri Ruy López katika kitabu chake cha mwaka 1561. Askari e4, farasi f3, askofu b5. Nilikuwa nimekariri majibu hadi hatua ya kumi na tano. Dogo akarusha farasi wake d4. Kwenye daftari langu haikuwamo. Nikaona askari wa e5 hana mlinzi, nikamla. Malkia wake akatokea g5. Nikala f7 kwa tamaa, naye akala g2. Ngome yangu ikasogea f1, malkia akala e4 na kumtisha mfalme. Askofu wangu akarudi e2 kuziba, farasi wake akatua f3. Kwisha.

Kocha wangu akasema, “Hukuwa umefika ukurasa huo. Tutauongeza.”

Hapo ndipo ninapogombana naye, na makocha wote wanaochukua ada za wazazi kuwakaririsha watoto. Ukurasa ukiongezwa, dogo mwingine atacheza kitu kingine. Mimi sikushindwa kukumbuka, nilishindwa kutazama. Yule wa drafti alizoea kujiuliza mwenzake anataka nini. Mimi nililelewa kwa pasti pepa: swali lisipojirudia, mkono unatetemeka.

Mtaniambia mabingwa wote hukariri. Kweli, lakini walijifunza kutazama kwanza. Bobby Fischer, bingwa wa dunia wa mwaka 1972, aliijua mianzo kuliko wengi. Ndiye huyo huyo aliyetangaza mwaka 1996 sataranji ambayo kete za mstari wa nyuma hupangwa kwa bahati nasibu, ili daftari lisimwokoe mtu. Kama yeye alichoshwa na kukariri, mtoto wa darasa la tano Madale anakaririshwa kwa faida ya nani?

Makocha, fungieni vitabu vya mianzo kabatini kwa mwaka mzima. Mpeni mtoto wafalme wawili na askari mmoja, aumize kichwa. Kila mpinzani akisogeza kete, mtoto aseme kwa sauti: anataka nini?

Ningeuliza hivyo baada ya d4, nisingeigusa e5.