Foleni ni deni kwa serikali, na dawa ya deni ni kulipa

KABLA ya jua kuchomoza Machi 4, 2013, maelfu ya Wakenya walikuwa tayari wamepiga foleni nje ya vituo vya kupigia kura, baadhi yao wakiwa wamejitanda mashuka na blanketi kuukabili umande.

Mitambo ya kielektroniki ya kuwatambua wapigakura ilipofeli katika vituo vingi, makarani walilazimika kurejelea sajili ya karatasi. Milolongo ikazidi kurefuka, jua likawa kali na watu wakasimama kwa saa nyingi. Hata hivyo, wengi hawakurudi nyumbani. Shughuli hiyo ilipokamilika, takriban asilimia 86 ya waliosajiliwa walikuwa wamepiga kura.

Agosti 9, 2022, mambo yalikuwa tofauti. Sheria ilikuwa imekwisha kubadilishwa ili kituo kimoja kisihudumie zaidi ya wapigakura 700. Vituo navyo vilikuwa vimeongezwa kutoka 40,883 mwaka 2017 hadi 46,229. Kwa wastani, kila kituo kilikuwa na wapigakura wasiofika 480.

Kwa hesabu hiyo, foleni ilitarajiwa kuwa nyepesi kuliko ya 2013. Licha ya hayo, waliojitokeza walikuwa takriban asilimia 65 pekee ya wapigakura milioni 22.1 waliokuwa kwenye sajili.

Takwimu hizi zinakinzana na imani iliyozoeleka kwamba urefu wa foleni ndio unaowafukuza wananchi. Bila shaka sababu za idadi hiyo kushuka ni nyingi. Lakini ni dhahiri kuwa Mkenya si mvivu wa kungoja. Kinachomrudisha nyumbani ni shaka kuhusu anachokiendea kule mbele.

Anayesimama kwenye foleni ya umma huikopesha serikali muda wake. Hatii saini popote wala hapewi stakabadhi. Hufanya hivyo kwa kuamini kwamba zamu yake itafika, kwamba aliye nyuma yake hatapitishwa mbele, na kwamba akifika dirishani atapata alichokifuata. Ahadi hizo tatu zikitimizwa, atarudi kesho. Zikivunjwa, itakuwa vigumu kumshawishi kurudi.

Historia ya taifa hili ina ushahidi wa kutosha. Mwaka 1988, wakati wa utawala wa Rais Daniel arap Moi, foleni yenyewe iligeuzwa kuwa kura. Katika mchujo wa chama tawala cha KANU, wanachama walijipanga hadharani nyuma ya wawaniaji au picha zao, kisha wakahesabiwa. Aliyepata angalau asilimia 70 alihesabiwa kuwa amechaguliwa bila kupingwa.

Utaratibu huo uliojulikana kama mlolongo ulikuwa umeidhinishwa na wajumbe wa chama mnamo 1986, na viongozi wa kidini, miongoni mwao maaskofu Alexander Muge na Henry Okullu, waliukosoa vikali. Malalamishi yaliyofuata yalikuwa ya kushangaza: kwamba aliyekuwa na mlolongo mfupi alitangazwa mshindi, na mwenye mlolongo mrefu akaambiwa ameshindwa.

Hapakuwa na karatasi za kuhesabiwa upya. Watu walipotawanyika, ushahidi ulitawanyika pamoja nao. Mwananchi alikuwa ameona kwa macho yake, kisha akaambiwa kwamba macho yake yamemdanganya.

Desemba 1988, Kenneth Matiba alijiuzulu uwaziri akilalamikia udanganyifu katika uchaguzi wa chama. Mwaka 1990, kamati iliyoongozwa na aliyekuwa Makamu wa Rais, George Saitoti, ilizunguka nchini kukusanya maoni, na Desemba mwaka huo KANU ikautupilia mbali mlolongo. Mwaka mmoja baadaye, mfumo wa vyama vingi ulirejeshwa.

Haingekuwa makosa kusema kwamba foleni iliyohesabiwa kwa hila ilichangia kuuchimbia kaburi mfumo wa chama kimoja. Mtu aliyenyang'anywa muda wake na sauti yake kwa wakati mmoja hasahau upesi.

Mfano wa karibu zaidi ni ule wa Huduma Namba. Shughuli ya kuwasajili wananchi ilianza Aprili 2019. Ingawa Mahakama Kuu ilikuwa imeagiza kwamba usajili usiwe wa lazima, wengi waliamini kuwa asiyejisajili angenyimwa huduma za serikali. Siku za mwisho mwezi Mei, milolongo ilijaa katika ofisi za machifu na viwanja vya mijini, hadi muda ukaongezwa kwa wiki moja.

Serikali ilisema mamilioni ya watu walijisajili. Wazee walifika wakiegemea mikongojo, na kina mama wakiwa na watoto mgongoni. Oktoba 2021, Mahakama Kuu iliamua kwamba utoaji wa kadi hizo ulikiuka sheria ya kulinda data. Utawala mpya ulipoingia, mradi huo uliachwa na mwaka 2023 ukatangazwa mwingine kwa jina la Maisha Namba.

Mjadala wa mahakamani na bungeni ulihusu sheria na mabilioni ya pesa za umma yaliyotumika. Ni nadra kusikia yeyote akiuliza kuhusu saa ambazo wananchi walizitumia wakisimama. Saa hizo hazikuandikwa katika ripoti yoyote ya mkaguzi wa hesabu, ilhali zilikuwa mali ya watu.

Kwa kawaida, foleni ndefu zinapozuka, maafisa huwalaumu wananchi. Husema kwamba Wakenya wamezoea kungoja dakika za mwisho. Lawama hiyo ina chembe ya ukweli, lakini haielezi jambo lote.

Elimu ya foleni ina zaidi ya miaka 100 tangu Agner Krarup Erlang, mtaalamu wa simu wa Denmark, alipochapisha utafiti wake wa kwanza mnamo 1909. Moja ya mafunzo yake makuu ni kwamba foleni hairefuki kwa kiwango sawa na ongezeko la watu. Ofisi inapokaribia kuzidiwa, ongezeko dogo tu huzua msongamano mkubwa.

Chukua mfano wa karani mwenye uwezo wa kuwahudumia watu 60 kwa saa, ambao hufika bila mpangilio maalumu. Wakija watu 54 kwa saa, kwa wastani watakuwapo watu tisa mbele yake, akiwemo anayehudumiwa. Wakija 58, yaani wanne zaidi, wastani huo hupanda hadi watu 29. Wakipita 60, foleni haitaisha hata akeshe.

Maana ya hesabu hiyo ni nyepesi. Mara nyingi karani mmoja wa ziada, au mashine moja iliyokarabatiwa kwa wakati, hutosha kuifuta foleni iliyozunguka jengo zima. Msongamano unaochukuliwa kuwa hulka ya wananchi aghalabu ni matokeo ya uamuzi wa mtu fulani ofisini aliyekataa kutia saini ya kununua kifaa.

Hali hiyo ilidhihirika mwaka 2023, maombi ya pasipoti yalipolimbikizana katika Idara ya Uhamiaji. Sababu zilizotajwa zilijumuisha mitambo ya uchapishaji iliyochakaa na upungufu wa vifaa. Kijana aliyeahidiwa kazi katika nchi za Ghuba hakuwa na kosa lolote, lakini nafasi yake ya ajira ingeweza kumponyoka huku akisubiri kijitabu.

Hapo ndipo foleni inapokuwa kodi, na kodi yenyewe hutozwa kwa ubaguzi. Mfanyakazi wa mshahara akishinda kutwa kwenye mlolongo, mshahara wake huingia mwisho wa mwezi kama kawaida. Mama mboga akishinda kutwa huko, sukuma wiki yake hunyauka na mtaji wake hupungua. Kibarua wa mjengo asiyefika kazini hulala bila kitu.

Bwanyenye naye hutuma mtu amsimamie, au hupiga simu na kupokelewa kwa mlango wa nyuma. Foleni inapokuwa ndefu, mlango wa nyuma nao hupanda bei. Ndiposa si kila afisa anayeumizwa na msongamano. Wapo wanaonufaika nao, pamoja na mabroka wanaozurura nje ya ofisi wakinong'onezea watu kwamba kwa kitu kidogo mambo yatanyooka.

Wapo pia wananchi ambao foleni yao huhesabiwa kwa miaka. Kwa muda mrefu, vijana wa jamii za mpakani, hasa kaskazini mashariki, pamoja na Wanubi, walilazimika kupitia kamati za kuwachunguza kabla ya kupewa kitambulisho. Mwenzao wa kaunti nyingine alihitaji stakabadhi za wazazi tu. Februari 2025, Rais William Ruto alitia saini agizo la kuufuta uchunguzi huo alipozuru Wajir. Kipimo cha agizo hilo hakitakuwa sherehe za siku hiyo. Kitakuwa siku ambazo kijana wa Mandera anasubiri zikilinganishwa na za kijana wa Nyeri.

Si kwamba nchi hii haijui la kufanya. Kituo cha kwanza cha Huduma kilipofunguliwa Nairobi Novemba 2013, wengi walishangaa kupewa tikiti yenye nambari, kiti cha kukalia na orodha ya huduma chini ya paa moja. Mwaka 2015, mpango huo ulituzwa na Umoja wa Mataifa. Jambo kubwa halikuwa kwamba hakuna aliyengoja. Jambo kubwa ni kwamba aliyengoja alijua ni wa ngapi.

Kuhamishia huduma mitandaoni kumesaidia pia, ila kuna hatari ya kuificha foleni badala ya kuimaliza. Ombi lililokaa kwenye kompyuta kwa miezi mitatu ni foleni, hata kama hakuna anayeonekana amesimama juani. Tofauti ni kwamba wanaongoja hawaonani, na hivyo hawawezi kulalamika pamoja.

Katiba ya 2010 haikuliacha suala hili kwa hisani ya maafisa. Kifungu cha 47 kinampa kila mtu haki ya kupata hatua za kiutawala ambazo ni za haraka, zenye ufanisi, halali na za haki. Kwa hivyo anayecheleweshwa bila sababu hakosewi adabu tu. Anavunjiwa haki yake.

Viongozi hupenda kuwatuliza watu kwa methali kwamba subira huvuta heri. Ni kweli, lakini wahenga hao hao walitahadharisha kwamba ngoja ngoja huumiza matumbo. Walijua kwamba subira isiyolipwa hugeuka kuwa hasira, na hasira ikichoka hugeuka kuwa kutojali.

Kutojali huko tayari kumeonekana. Katika uchaguzi wa marudio wa Oktoba 26, 2017, ambao marehemu Raila Odinga aliususia, waliojitokeza hawakufika asilimia 40. Tume Huru ya Uchaguzi na Mipaka (IEBC) ilipoanza kusajili wapigakura wapya Oktoba 2021, ililenga watu milioni sita katika awamu ya kwanza. Ilipata takriban milioni 1.5.

Makarani walikaa na mashine zao wakisubiri wananchi. Safari hii serikali ndiyo iliyokuwa ikingoja. Wengi wa waliokosekana walikuwa vijana, na katika sajili ya 2022 walio chini ya umri wa miaka 35 walipungukia asilimia 40.

Baadhi ya vijana wa rika hilo ndio waliojaa barabarani Juni 2024 kupinga Mswada wa Fedha. Walithibitisha kuwa hawakosi nguvu za kusimama juani kutwa nzima. Walichokosa ni imani kwamba kusimama kwa utaratibu, mmoja nyuma ya mwenzake, kunazaa matunda.

Kwa mujibu wa Katiba, uchaguzi mkuu baada ya ule wa 2022 ni wa Agosti 10, 2027. Maandalizi ya mitambo na sajili ni muhimu, lakini hayatoshi. Kila ofisi ya umma inayomzungusha mwananchi leo inapunguza idadi ya watakaokubali kuamka alfajiri siku hiyo.

Kanuni za uchaguzi zina kipengele kimoja kinachofaa kuigwa na idara zote. Vituo hufungwa saa kumi na moja jioni, lakini aliye kwenye foleni wakati huo ana haki ya kupiga kura hata giza likiingia. Karani hawezi kumwambia arudi kesho. Sheria inatambua kwamba aliyejipanga kwa wakati ameshatimiza wajibu wake, na kwamba sehemu iliyosalia ni ya serikali.

Ofisi za vitambulisho, ardhi, pasipoti na hospitali za umma zinaweza kuanzia hapo: kila anayefika apewe nambari, aambiwe kwa ukweli atasubiri kwa muda gani, na asirudishwe mikono mitupu kwa kosa lisilo lake. Muda wa kusubiri uchapishwe kwa kila ofisi ili wananchi walinganishe, na wakubwa wa ofisi hizo wapimwe kwa huo.

Wananchi wamekopesha kwa miaka mingi bila kudai riba. Dawa ya deni ni kulipa, na mkopeshaji akichoka kudai, si kwamba amesamehe. Ameacha tu kukopesha.