Kofia Nayo ni Chombo cha Kazi



Mtu akiingia karakana bila viatu vigumu, msimamizi humrudisha mlangoni. Lakini ndugu yetu mwenye ualbino akifagia barabara au akipalilia shamba kutwa nzima kichwa wazi, hakuna amwulizaye neno. Sisi twasema makosa haya mawili ni sawa.

Jua lina miali isiyoonekana kwa macho, nayo huharibu ngozi kidogo kidogo mpaka saratani ikaota. Mwaka 2023 Shirika la Afya Duniani na Shirika la Kazi Duniani yalieleza kwamba, ukiiacha melanoma, karibu kifo kimoja katika kila vitatu vya saratani ya ngozi hutokana na kazi ya juani.

Rangi nyeusi ni ngao, na mwenye ualbino hakuzaliwa nayo. Saratani impatayo zaidi katika Afrika huletwa na jua la miaka mingi. Huanza kama kidonda kisichopona, usoni, sikioni, mdomoni au shingoni, naye pengine angali kijana. Ikitibiwa mapema hupona, ikiachwa huua.

Melanoma ni nyingine, tena kali zaidi. Watu weupe huipata sana kwa kuunguzwa na jua, lakini mtu mweusi huipata zaidi wayoni, mahali pasipofika jua. Basi nasi wenye ngozi nyeusi tusijione salama: baka jeusi linalokua wayoni lipelekwe kwa daktari.

Waajiri watatujibu kwamba Serikali hugawa mafuta ya kukinga jua. Ni kweli, nasi twashukuru. Lakini mafuta hayamtoi mtu juani saa sita mchana. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007 yamtaka mwajiri alinde afya ya wafanya kazi wake, wala haikusema isipokuwa wenye ualbino.

Kwa hiyo twadai: kofia ya ukingo mpana na shati la mikono mirefu, vitolewe na mwajiri, kazi ya kivulini tangu saa nne hadi saa kumi, na ruhusa ya kwenda kwa daktari bila kukatwa mshahara. Wala mtu asifukuzwe kwa sababu ya ngozi yake.

Wawakilishi wetu, lipelekeni jambo hili kwenye meza ya mapatano. Anayeungua ni mmoja wetu.