Tunamkemea Mvutaji, Kisha Tunamwuzia Sigara



Katika mahubiri na katika mikutano ya Jumuiya Ndogo Ndogo twawakemea wavutaji wa sigara kana kwamba ni watu wasio na nia. Kisha, Misa ikiisha, twamkuta mvutaji yuleyule akinunua sigara mbili katika kibanda kilichomo ndani ya uwanja wa kanisa, kwa kibali chetu na kwa faida ya mfuko wetu. Je, hiyo ni haki?

Yafaa tuujue mzigo wa ndugu huyo. Nikotini hufika ubongoni kwa sekunde chache tu, na mwili ukiisha kuizoea huidai kama deni. Anayeacha hupatwa na hasira, hukosa usingizi, na mawazo yake hayatulii. Siku za kwanza ndizo ngumu kupita zote. Majuma machache yakipita, mateso hupungua. Wengi hujaribu zaidi ya mara moja kabla ya kushinda. Huo ni utumwa wa mwili, si ukaidi. Ndiyo maana mwaka 2009 Shirika la Afya Duniani liliziingiza dawa za nikotini, za kutafuna na za kubandika ngozini, katika orodha yake ya dawa muhimu.

Wako watakaosema: "Padre, kibanda hicho hulipa karo za yatima." Nami nauliza: je, ni halali kuwasomesha yatima kwa fedha inayowafanya watoto wengine kuwa yatima? Tumbaku huua hadi nusu ya wavutaji wasioiacha. Hayati Baba Mtakatifu Fransisko aliamua mwaka 2017 kwamba kuanzia mwaka 2018 sigara zisiuzwe tena Vatikano, ingawa biashara hiyo iliingiza mamilioni ya fedha. Kama Vatikano iliweza kuiacha faida hiyo, sisi twashindwa na nini?

Basi, Halmashauri ya Walei iamue sigara ziondolewe katika kila kibanda cha parokia. Na kila jumuiya iwateue wawili wa kumtembelea anayeacha, hasa katika juma la kwanza. Akianguka, apokelewe tena bila kusutwa. Tukiisha kufanya hayo, ndipo tutakapokuwa na uso wa kumwambia ndugu yetu: acha.