Timu Anne, timu Mary, na baba aliyesahaulika

FILAMU ya The Other Boleyn Girl ilitoka mwaka 2008, lakini hadi leo kuna vijana wanaoitazama kwa mara ya kwanza na kutoka hapo wakiwa wamegawanyika makundi mawili. Timu Anne husema binti yule alijua thamani yake, akakataa kuwa mchepuko na kudai pete. Timu Mary nao husema Anne ni nyoka, alimpokonya dada yake mwanamume, na upanga ulipomfikia shingoni alivuna alichopanda.

Nimeyasikia mabishano haya mara nyingi. Kila mara huwa najiuliza: kwani baba yao yuko wapi katika kesi hii?

Kwa ambaye hajaiona, Natalie Portman ni Anne, Scarlett Johansson ni Mary, na Eric Bana ni Mfalme Henry VIII wa Uingereza, mwenye mke lakini hana mrithi wa kiume. Thomas Boleyn na shemeji yake, Duke wa Norfolk, wanaketi na kukubaliana kwamba Anne apelekwe kumliwaza mfalme. Mfalme anavutiwa na Mary badala yake, na Mary tayari ni mke wa mtu. Hakuna shida! Familia inafunga virago na kuhamia kwenye jumba la kifalme, mume akiwemo. Mary anapopata mimba na kulazwa kitandani, Anne anaitwa kutoka Ufaransa ili mfalme asije akaangalia kwingine. Mama yao analalamika, lakini hakuna anayemsikiza.

Yaani hawa mabinti hawakuamka siku moja wakaamua kugombania mwanamume. Walipangwa kama karata. Halafu filamu, baada ya kutuonyesha haya yote waziwazi, inageuza kamera na kutaka tumchague dada mwema na dada mbaya. Nasi tunachagua, mbio!

Ukiisoma historia yenyewe, mambo ni tofauti kidogo. Uhusiano wa Henry na Mary ulikuwa umekwisha alipoanza kumfukuzia Anne. Na ni yeye aliyefukuzia. Barua 17 za mapenzi alizomwandikia Anne zipo hadi leo katika maktaba ya Vatican, na ndani yake mfalme mzima anabembeleza ajibiwe. Huyo ndiye mwanamume ambaye timu Mary inasema “aliibwa”.

Kuna ugomvi mmoja wa kina dada hawa ambao una ushahidi, nao haukuhusu kitanda cha mfalme hata kidogo. Mume wa kwanza wa Mary, William Carey, alifariki mwaka 1528 kwa ugonjwa wa homa ya jasho uliokuwa ukiua watu wengi wakati huo. Mwaka 1534, Anne akiwa tayari malkia, Mary aliolewa kisirisiri na William Stafford, askari asiye na mali wala jina. Alipofika mbele ya watu akiwa na mimba, alifukuzwa. Alimwandikia waziri wa mfalme, Thomas Cromwell, akimsihi amwombee msamaha, na katika barua hiyo alisema bila kuficha kwamba alimpenda mumewe na angekuwa radhi kuomba mkate barabarani pamoja naye. Hebu fikiria filamu nzima kuhusu huyo Mary! Lakini hiyo haina wafalme wengi ndani, kwa hivyo inapewa dakika chache mwishoni.

Ajabu ni kwamba mwongozaji, Justin Chadwick, si mtu asiyejua kumwonea huruma mnyonge. Miaka miwili baadaye alikuja papa hapa Kenya akapiga The First Grader, filamu ya mzee Kimani Maruge aliyejiunga na darasa la kwanza akiwa na umri wa miaka 84. Mle ndani hutamaliza ukimlaumu Maruge kwa kutojua kusoma.

Wazee wetu walisema ndugu wakigombana uchukue jembe ukalime. Kwa akina Boleyn, kuna waliochukua kapu kabisa. Thomas Boleyn alipewa cheo cha Viscount mwaka 1525, akawa Earl mwaka 1529, na mwaka uliofuata akakabidhiwa muhuri wa mfalme.

Si mambo ya kale peke yake. Mubaba akinaswa na wasichana wawili leo, angalia mitandaoni ni nani anararuliwa. Picha za wasichana zinasambazwa, mavazi yao yanachambuliwa, tunaulizana nani mrembo kuliko mwenzake na nani alianza. Jina la mzee mwenyewe huenda usilione popote. Na kama kuna mzazi aliyekuwa akipokea shopping kila mwisho wa mwezi bila kuuliza inatoka wapi, huyo ndiye kabisa, hata hatajwi.

Sisemi Anne alikuwa malaika. Alikuwa na ulimi mkali na maadui wengi, na Malkia Catherine aliumizwa sana katika sakata hiyo. Lakini mnamo Mei 15, 1536, Anne alipopandishwa kizimbani, aliyekalia kiti cha mwenyekiti wa kesi na kutamka hukumu ya kifo ni mjomba wake, Duke wa Norfolk. Siku nne baadaye Anne aliuawa. Kaka yake George alikuwa ametangulia siku mbili kabla.

Mwaka 1540, mpwa mwingine wa Norfolk, Catherine Howard, aliolewa na Henry huyohuyo. Naye alikatwa kichwa, Februari 1542. Norfolk mwenyewe alihukumiwa kifo baadaye, lakini Henry akafa kabla adhabu haijatekelezwa. Mjomba alifariki mwaka 1554, akiwa amepita miaka 80.