Beni-Butembo: Waliopona Ebola walipewa kazi, je, imedumu?

Ebola iliyotangazwa tarehe 1 Agosti 2018 katika Kivu Kaskazini iliisha rasmi tarehe 25 Juni 2020, baada ya kuua watu 2 287. Zaidi ya 1 100 walipona.

Wakati wa riposte, baadhi ya waliopona walipata kazi iliyowafaa kuliko wengine. Kwa kuwa miili yao ilikuwa na kinga, waliwahudumia wagonjwa ndani ya vituo vya matibabu na kulea watoto wachanga waliotenganishwa na mama zao.

Lakini kazi hiyo ilitegemea ugonjwa. Vituo vilipofungwa, mshahara ulikatika. Maumivu ya viungo, uchovu na matatizo ya macho havikuisha kwa wote.

Hapo ndipo tathmini ya miradi ya kuwasaidia inapokuwa ngumu. Kuhesabu waliofundishwa ushonaji au waliopewa mtaji ni rahisi. Mtu asiyeona vizuri akipewa mashini ya kushona, ripoti itamtaja kama aliyesaidiwa, hata kama hawezi kuingiza uzi kwenye sindano.

Kipimo cha kweli ni kurudi kwake mwaka mmoja baadaye na kuuliza: bado anafanya kazi? Anapata kiasi gani? Afya yake inaivumilia?