Amri Zibadilikapo, Nani Abebe Mzigo?

Katika chumba kidogo nyuma ya ofisi za hospitali, chuo au benki, aghalabu hukaa chombo bapa chenye safu ya matundu na taa ndogo zimemetazo. Hiyo ndiyo swichi ya mtandao. Kazi yake ni kupokea taarifa kutoka kompyuta moja na kuifikisha kwenye kompyuta iliyokusudiwa. Ndani yake mna programu iendeshayo, na fundi huiongoza programu hiyo kwa kuandika amri, mstari baada ya mstari, kwa maneno na mpangilio maalumu. Mpangilio huo ndio sarufi ya amri.

Mara kwa mara mtengenezaji hutoa toleo jipya la programu hiyo. Fundi hulipakia usiku, ofisi zikiwa zimefungwa. Chombo ni kile kile na nyaya ni zile zile. Lakini asubuhi aandikapo amri aliyoizoea kwa miaka mingi, swichi humjibu kwamba haiijui. Wengi huliona jambo hili kuwa usumbufu mdogo unaowahusu mafundi peke yao. Kwa hakika ni suala la usalama wa taasisi nzima, na mzigo wake haufai kuachwa juu ya kumbukumbu ya mtu mmoja.

Historia ya swichi zenyewe yatoa mfano ulio wazi. Mwaka 1993 kampuni ya Cisco ya Marekani iliinunua kampuni ya Crescendo Communications, na kutokana na ununuzi huo zikatokea swichi za jamii ya Catalyst. Swichi kubwa za jamii hiyo ziliendeshwa kwa programu iitwayo CatOS, ilhali ruta za Cisco zilitumia programu nyingine, IOS. Baadaye swichi ya Catalyst 6500 iliweza kuendeshwa kwa mojawapo ya hizo mbili, na wenye swichi hizo wakaweza kuhama kutoka CatOS kwenda IOS bila kubadili chombo. Chini ya CatOS, kulitia tundu la kwanza la kadi ya tatu katika kundi namba 10 kulihitaji mstari mmoja tu: «set vlan 10 3/1». Chini ya IOS, fundi hana budi kulitaja kwanza tundu lenyewe, kisha aandike «switchport access vlan 10».

Maneno mapya hujifunzwa kwa siku chache. Hatari ilikuwa katika mazoea. CatOS, kwa kawaida yake, ilihifadhi kila badiliko papo hapo. IOS hulitekeleza badiliko mara moja, lakini hailihifadhi mpaka iamriwe kufanya hivyo. Fundi aliyechukua mazoea ya programu ya kwanza akaingia nayo katika ya pili aliweza kufanya kazi nzuri mchana kutwa. Usiku umeme ukikatika, swichi iliamka ikiwa imesahau yote aliyoitendea.

Wakati mwingine badiliko huwa dogo kiasi cha kuchekesha. Mapema katika miaka ya 2000, baadhi ya swichi za Catalyst zilipata toleo la IOS ambamo amri ya kuonyesha jedwali la anwani za kompyuta, iliyokuwa ikiandikwa «mac-address-table», sasa iliandikwa «mac address-table». Kilichoondoka ni kistari kimoja. Msomaji wa Kiswahili hawezi kukwama mbele ya tofauti ya namna hiyo. Akikuta mtu ameandika «ana soma» kwa maneno mawili badala ya «anasoma», atalitambua kosa, lakini maana ataipata. Mashine haina huruma hiyo. Tena, katika taasisi kubwa amri nyingi haziandikwi na mtu, bali hutumwa na programu ndogo zilizotungwa ili kuzikagua swichi kwa zamu. Siku amri ya zamani iondolewapo kabisa, programu hizo hupokea jibu la kosa. Na zile zilizotungwa bila uangalifu huendelea kana kwamba hakuna lililotokea. Ukaguzi umekoma, wala hakuna ajuaye.

Hatari iliyo kubwa zaidi huja swichi iwashwapo kwa mara ya kwanza baada ya kupakiwa toleo jipya. Swichi za namna ya IOS huisoma orodha ya amri zilizohifadhiwa tangu mstari wa kwanza hata wa mwisho. Zikutapo mstari zisioufahamu, hutoa taarifa ya kosa kwenye skrini ya fundi, huuruka, na kuendelea. Yamkini mstari ulioachwa ndio uliokuwa ukizuia kompyuta za wageni zisiifikie hazina ya kumbukumbu za wagonjwa. Mtandao utafanya kazi vizuri, na pengine utaonekana kuwa mwepesi kuliko jana. Hakuna atakayelalamika, kwa kuwa mlango uliosahauliwa wazi haumsumbui apitaye. Na fundi akiihifadhi hali hiyo bila kukagua, mstari ule utafutika pia katika orodha ya kudumu.

Mbele ya matatizo haya husikika rai mbili. Ya kwanza yasema kwamba fundi mwema ni yule ajifunzaye haraka, na atakayeshindwa na apishe wengine. Rai hii husahau kwamba fundi hakuchagua badiliko lile wala hakushauriwa. Husahau pia kwamba katika taasisi ndogo mtu huyo huyo ndiye atengenezaye vichapishi, simu na kompyuta za kila idara. Kumtaka akariri sarufi ya kila toleo ni kuuweka usalama wa wote juu ya usingizi wa mtu mmoja.

Rai ya pili yasema kwamba kisichoharibika kisiguswe: toleo la zamani libaki milele. Rai hii ina mvuto, lakini ni ya hatari zaidi. Matoleo mapya mara nyingi huziba nyufa za usalama zilizokwisha kutangazwa hadharani, na ufa uliotangazwa hujulikana kwa mwizi kama ujulikanavyo kwa mwenye nyumba. Kukataa kupakia toleo jipya ni kukataa kuziba ufa ule.

Wataalamu wa intaneti wenyewe walikwisha kulitambua tatizo hili. Katika mkutano uliofanyika Marekani mwezi Juni 2002, waendeshaji wa mitandao na watungaji wa kanuni walikubaliana kwamba sarufi za amri hubadilika bila utaratibu madhubuti wa matoleo, na kwamba programu zizitegemeazo huwa ghali kutunza. Matokeo yake yalikuwa kanuni ya NETCONF ya mwaka 2006, na lugha ya YANG ya mwaka 2010, ambazo huiwezesha mashine kuongea na mashine kwa muundo uliokubaliwa badala ya kubahatisha maneno. Hizo ni hatua njema. Hata hivyo, swichi nyingi za bei nafuu hazina uwezo huo, na hata penye uwezo huo mafundi wengi bado hufanya kazi kwa mstari wa amri.

Kwa hiyo dawa iliyo karibu imo mikononi mwa taasisi zenyewe. Kwanza, kila taasisi na iwe na daftari la mtandao wake, lililoandikwa kwa lugha ya kawaida: tundu gani ni la nani, kundi gani lisifikie wapi, na kwa sababu gani. Amri huzeeka, lakini kusudi halizeeki. Mwenye kusudi lililoandikwa aweza kulitafsiri katika sarufi yoyote ijayo. Pili, nakala ya amri zote ichukuliwe kabla ya toleo jipya na nyingine baada yake, kisha zilinganishwe mstari kwa mstari, na toleo lijaribiwe kwanza katika swichi moja isiyo na kazi nzito. Tatu, mikataba ya ununuzi imtake muuzaji atoe mapema orodha ya amri zilizobadilika au kuondolewa. Nne, wakuu wa kazi wampe fundi muda wa kuyatenda haya mchana, akiwa na mwenzake, badala ya kumwachia usiku mmoja peke yake.

Hakuna katika hayo lihitajilo fedha za kigeni au mtaalamu kutoka mbali. La daftari huhitaji kalamu, subira, na mkuu wa kazi aonaye kwamba kuandika nako ni kazi. Wahenga walikwisha kusema: mali bila daftari hupotea bila habari. Swichi nayo ni mali, na kilichomo ndani yake chaweza kupotea kwa kistari kimoja.