Naye atumwe, naye akimbie

Ukimwambia mkazi wa kata ya Ipelele, wilayani Makete, kwamba watoto wa huko wanahitaji kuhimizwa wafanye mazoezi, atakuona umetoka mbali. Vijiji vya Makete vimekaa kwenye migongo ya milima. Shule ni kupanda, maji ni kushuka, shamba la viazi liko ng'ambo ya bonde, na mtoto wa darasa la tatu huyapita yote hayo kwa siku moja bila mtu kuyaita mazoezi. Shirika la Afya Duniani linataka kila mtoto wa miaka 5 hadi 17 apate wastani wa dakika 60 kwa siku za shughuli inayomfanya aheme. Kwa wengi wa watoto wa milimani, mazingira yenyewe yanawasukuma kuzipata. Lakini hesabu hiyo inamwacha nje mtoto mwenye ulemavu wa akili, na naamini anaachwa kwa sababu ambazo tunaweza kuziondoa wenyewe, bila kusubiri mradi wala mfadhili.

Mwendo wa mtoto wa kijijini hutokana na mambo mawili: kutumwa na kuitwa. Hutumwa kuni, maji, chumvi ya dukani, ujumbe kwa jirani. Huitwa na wenzake kucheza rede, kombolela, kuruka kamba, au kupiga mpira wa makaratasi uliofungwa kamba. Mtoto anayechelewa kuelewa maneno mara nyingi hukosa vyote viwili. Hatumwi kwa kuwa mama anahofu atasahau alichoagizwa au atapotelea njiani. Haitwi kwa kuwa wenzake wamechoka kumweleza kanuni ya mchezo mara tatu. Ikifika Juni na Julai, baridi inapokaza hadi majani ya uwanda wa Kitulo yanalala na sakitu, mahali pa huruma pa kumweka ni jikoni karibu na moto, na huko hukaa. Hakuna nia mbaya katika lolote kati ya maamuzi hayo. Yakijumlishwa kwa miaka kumi, yanazaa kijana mwenye misuli dhaifu na mwili mzito, ambaye hata njia ya kwenda kwa shangazi yake haijui. Wapo pia wanaotendewa kinyume: kijana mwenye mwili wa nguvu hugeuzwa mbebaji wa mizigo ya nyumba nzima, kuanzia magunia hadi mbao, kwa sababu hawezi kukataa. Huyo anatoka jasho, lakini hachezi, hachagui, hapumziki anapochoka. Anayetetea haki ya mazoezi hawezi kuitaja kazi ya kulazimishwa kama ushahidi kwamba haki hiyo imetimizwa.

Madhara ya kukaa yanajulikana. Nchini Uingereza, ambako vifo vya watu wenye ulemavu wa akili hufuatiliwa kimoja kimoja, imebainika kwamba hufa wastani wa miaka 20 hivi kabla ya wananchi wenzao. Sababu ni nyingi, na kubwa mojawapo ni kuchelewa kutibiwa magonjwa yanayotibika. Hata hivyo unene, mifupa dhaifu na maradhi ya moyo yanawaandama, na kutotembea kunachangia yote hayo. Mwaka 2020 Shirika la Afya Duniani lilipotoa upya mwongozo wake wa mazoezi ya mwili, kwa mara ya kwanza liliweka sehemu ya watu wenye ulemavu. Lilichosema kuhusu watoto wenye ulemavu wa akili ni cha kiasi: mazoezi yanaweza kuboresha utendaji wa miili yao. Naipenda lugha hiyo ya tahadhari. Hakuna anayedai kwamba kukimbia kunaponya ulemavu wa akili, na mzazi akiuziwa ahadi ya namna hiyo aikatae. Kinachodaiwa ni kidogo zaidi na cha hakika zaidi. Mtoto akisimama imara, akapanda kilima bila kuanguka na kushika kikombe bila kumwaga, sehemu ya maisha yake imerudi mikononi mwake, na mama yake amepata saa moja ya kufanya jambo jingine.

Duniani jambo hili lina historia. Julai 1968, Eunice Kennedy Shriver aliwakusanya wanamichezo wapatao 1,000 wenye ulemavu wa akili kutoka Marekani na Kanada katika uwanja wa Soldier Field, Chicago, wakati ambapo wengi wa watu hao walikuwa wakifichwa majumbani au kufungiwa katika taasisi. Hapo ndipo Special Olympics ilipozaliwa, na Tanzania imo katika harakati hiyo. Mambo mawili iliyoyajenga baadaye yanatuhusu kuliko medali. La kwanza ni timu za pamoja, ambamo wachezaji wenye ulemavu wa akili na wasio nao huvaa jezi moja. La pili ni upimaji wa afya uwanjani, ulioanza mwaka 1997, ambao uliwakuta wanamichezo wengi wakiwa na matatizo ya macho, masikio na meno ambayo hakuna aliyekuwa ameyagundua. Fikiria maana yake kwa mwalimu: mtoto anayehesabiwa kuwa haelewi huenda pia hasikii vizuri, na asingejulikana kama asingetoka nje kucheza.

Ila mashindano makubwa yana mpaka wake. Mwaka 2023 yale ya dunia ya Special Olympics yalifanyika Berlin, na wanamichezo wetu wachache wanaofika huko wanastahili kila shangwe. UMITASHUMTA, michezo ya shule za msingi, nayo huchuja kutoka shule hadi kata, wilaya, mkoa na taifa, na mchujo wa namna hiyo kwa asili yake hutafuta wenye kasi. Mtoto wa Ipelele anayehitaji kwanza kujifunza kukimbia bila kushikwa mkono hatafikiwa kwa njia hiyo. Atafikiwa na kitu ambacho shule zetu zinakijua kwa vizazi vingi: mchakamchaka.

Sijui zoezi linalomfaa zaidi mtoto huyu kuliko hilo. Halina kanuni za kukariri wala timu za kuchaguana, kwa hiyo hakuna anayebaki wa mwisho kuchaguliwa. Kiongozi huimba, wengine huitikia, na mdundo wa wimbo huipa miguu maelekezo ambayo maneno yangeshindwa kuyatoa. Hurudiwa kwa njia ileile na saa ileile, na kurudia ndiko kunakomfundisha mtoto anayejifunza polepole. Wengi wao hushika wimbo haraka kuliko wanavyoshika sentensi. Vifaa vinavyotakiwa ni uwanja tu. Mabadiliko ya lazima ni madogo: mwalimu wa zamu amtoe mtoto kwenye kona anakosimama akitazama, kiranja wa michezo ampangie mwenzake wa kukimbia naye bega kwa bega, na mwenzake huyo abadilishwe kila wiki ili isiwe adhabu ya mtu mmoja, mstari wa polepole uwe na heshima sawa na wa haraka, maelekezo yatolewe moja moja na kwa kuonyesha, kwa kuwa mtoto anayeambiwa mambo matatu kwa pamoja huenda asifanye hata moja. Kama atatembea badala ya kukimbia mwezi mzima wa kwanza, atembee.

Mwalimu atauliza, na ana haki, afanye hayo saa ngapi. Madarasa yamejaa, walimu wa elimu maalumu ni wachache, na wengi wa waliosomea kazi hiyo katika Chuo cha Ualimu Patandi, Arusha, hupangwa kwenye shule zenye kitengo cha elimu maalumu, ambazo ziko mbali na nyumba nyingi za milimani. Malalamiko hayo ni ya kweli, na serikali isitumie ari ya walimu kama kisingizio cha kutoajiri. Lakini mchakamchaka tayari una dakika zake kwenye ratiba, na somo la Sanaa na Michezo tayari lina vipindi vyake. Ninachoomba ni watoto wengine waingie ndani ya muda uliokwisha kutengwa, na sehemu kubwa ya msaada wanaouhitaji hutolewa na watoto wenzao. Tena hapa hatuzungumzii hisani. Tanzania iliridhia Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu mwaka 2009, na ibara yake ya 30 inataja wazi haki ya mtoto mwenye ulemavu kushiriki michezo kama wenzake, ikiwemo shuleni. Mwaka uliofuata tukatunga Sheria yetu ya Watu wenye Ulemavu.

Pingamizi zito zaidi, kwa maoni yangu, ni la chakula. Utafiti wa taifa wa afya na idadi ya watu wa mwaka 2022 uliukuta mkoa wa Njombe, ilimo Makete, na udumavu wa takriban nusu ya watoto wote wenye umri chini ya miaka mitano, wakati wastani wa taifa ni kama asilimia 30. Mtu anaweza kuuliza: mtoto hajashiba, wewe unamkimbiza? Nakubali kwamba mtoto mwenye njaa hafanyishwi mazoezi, na shule isiyo na uji isianze kwa kukimbia. Lakini chakula na mchezo havigombanii nafasi moja. Huko Kingston, Jamaika, katika miaka ya 1980, watafiti waliwagawa watoto wadogo 129 waliodumaa: baadhi wakapewa lishe ya nyongeza, baadhi wakatembelewa kila wiki na wahudumu wa afya ya jamii waliowafundisha mama zao kucheza nao kwa vitu vya kutengenezwa nyumbani, baadhi wakapata vyote viwili, na wengine hawakupata. Baada ya miaka miwili lishe peke yake ilikuwa imesaidia, mchezo peke yake ulikuwa umesaidia, na waliopata vyote walikuwa mbele zaidi. Miaka 20 baadaye, waliochezewa utotoni walikuwa wakipata kipato kikubwa kwa asilimia 25 hivi kuliko wenzao ambao hawakuchezewa. Hao hawakuwa watoto wenye ulemavu wa akili, na utafiti ulihusu mchezo kwa upana wake kuliko mbio. Hata hivyo unatosha kuonyesha kwamba ni kosa kuuweka mchezo kwenye foleni nyuma ya sahani. Nyanda za juu kusini zinaujua uhusiano wa lishe na akili kwa njia chungu zaidi. Kwa muda mrefu zilikuwa eneo la rovu, kwa kuwa udongo wa milimani una upungufu wa madini joto, na mama mjamzito akiyakosa, ubongo wa mtoto huumia kabla hajazaliwa. Serikali iligawa vidonge vya mafuta yenye madini hayo tangu miaka ya 1980, kisha ikaja chumvi yenye madini joto. Kinga hiyo iendelee. Ila wapo watu ambao kinga ilichelewa kuwafikia, na hao wanaishi nasi.

Wengine wanaogopa hatari, na hofu yao isipuuzwe. Karibu nusu ya watoto wanaozaliwa na hali ya Down huwa na kasoro ya moyo, na baadhi yao wana ulegevu wa viungo vya shingo unaofanya kubinuka kichwachini au kupiga mpira kwa kichwa kuwe hatari. Hao wapimwe kwanza, waanzie zahanati na, pale inapobidi, wafike hospitali kama ile ya Ikonda iliyo wilayani humohumo. Wenye kifafa, ambao ni wengi miongoni mwa watu wenye ulemavu wa akili, wasiogelee wala kupanda miti peke yao. Lakini mbio za uwanjani kwa kawaida hazileti degedege, na tukilinganisha hatari kwa uaminifu, kuanguka kwenye nyasi hakufanani na kuanguka kwenye mafiga ya jikoni tunakowaweka ili wawe salama.

Hofu ya wazazi wa mabinti ni ya aina nyingine. Mama anayemfungia bintiye ndani huenda haoni aibu. Huenda anajua kwamba msichana asiyeweza kujieleza ni rahisi kubakwa na vigumu kuaminiwa akisema. Sitamwambia mama huyo afungue mlango tu. Mazoezi ya binti yawe mchana, mahali pa wazi, chini ya mwalimu mwanamke au mama anayeaminika kijijini, na aende na kurudi pamoja na ndugu au jirani zake. Bado naamini anayejulikana na watu wengi yuko salama zaidi ya aliyefichwa, kwa kuwa siku asipoonekana wapo watakaouliza. Hata dhihaka za watoto wengine hupungua kwa njia hiyohiyo, maana ni vigumu kumcheka kwa muda mrefu mtu unayekimbia naye kila asubuhi huku mkiitikiana wimbo.

Wamebaki wale ambao shule haiwafikii: watoto ambao hawajawahi kuandikishwa na watu wazima waliokwisha kuvuka umri. Kwao kanisa lina nafasi kubwa, kwa kuwa kwaya za kwetu haziimbi zikiwa zimesimama kama nguzo, na mtu asiyeweza kusoma shairi la wimbo anaweza kuzicheza hatua zake zote. Timu ya kijiji nayo inaweza kumpa kijana jezi na dakika kumi za mchezo wa kirafiki. Nyumbani, kutumwa kuanze kwa safari fupi, mlango hadi mlango, na kaka au dada akimfuata kwa nyuma bila kumshika, kisha safari irefushwe. Na kwa kuwa mkutano mkuu wa kijiji unapaswa kukaa kila baada ya miezi mitatu, mwenyekiti aweke kwenye ajenda ya mkutano ujao maswali mawili: kijijini hapa wapo watu wangapi wenye ulemavu wa akili, na kila mmoja wao hutoka nje mara ngapi kwa wiki. Majibu yaandikwe kwenye muhtasari, na mkutano unaofuata uanze kwa kuyasoma.